Nilivyoacha kuiogopa leza ya macho

Daktari aliponiambia kwamba retina ya jicho langu la kushoto, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, inabidi ichomwe kwa leza, nilisikia neno moja tu: ichomwe. Nimeishi na kisukari miaka mingi, na wakati huo kila nikitazama ukuta mweupe nilikuwa naona nyuzi nyeusi zinaelea. Picha ya ndani ya jicho ilionyesha vishipa vipya vya damu, vyembamba kama unywele, vimejisokota juu ya retina. Vishipa vya namna hiyo ni dhaifu, hupasuka na kumwaga damu ndani ya jicho. Hilo niliona kwa macho yangu, sikulibishia. Kilichonishinda ni kuelewa unaokoaje retina kwa kuiunguza. Nikaomba wiki mbili za kufikiri. Leo nasema wazi kwamba lilikuwa kosa, kwa sababu vishipa vile havimsubiri mtu.

Katika wiki hizo nilikutana na utafiti wa daktari wa macho Lloyd Paul Aiello na wenzake, wa kituo cha kisukari cha Joslin huko Boston, Marekani, uliochapishwa Desemba 1994 katika jarida la New England Journal of Medicine. Mimi si mtu wa sayansi. Nilikwama sentensi ya pili tu. Nikachukua daftari. Neno nisilolijua naliandika kushoto, na kulia naandika maana yake kwa maneno ambayo ningemwambia mwanangu. Hesabu za takwimu niliziacha kwanza, nikashika swali moja: hawa watu walipima nini, na kwa nani?

Walichukua sampuli 210 za majimaji ya ndani ya jicho kutoka kwa wagonjwa 164 waliokuwa wakifanyiwa upasuaji wa macho, wakapima protini iitwayo VEGF. Kazi ya protini hiyo ni kuamsha mishipa ya damu iote. Kwenye macho ambayo vishipa vipya vilikuwa vinaendelea kuota, kiwango kilikuwa juu. Kwenye macho yaliyotulia kilikuwa chini. Kisha nikafika pale pa leza: baada ya matibabu ya leza kufanikiwa, VEGF ilishuka.

Nilifunga daftari nikakaa kimya. Kumbe retina yangu ilikuwa na njaa. Sukari imeharibu mishipa midogo, sehemu za pembeni hazipati oksijeni ya kutosha, nazo zinapiga kelele zikiomba damu. VEGF ndiyo kelele yenyewe. Leza hupunguza zile sehemu zenye njaa ili pale katikati, ninaposomea na kutambua sura za watu, papone.

Jambo moja lilinigusa sana. Baba yake mtafiti huyu, Lloyd M. Aiello, naye alikuwa daktari wa macho hapohapo Joslin, miongoni mwa waliotangulia kuwatibu wagonjwa wa kisukari kwa leza. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 1976 ulikwishaonyesha kwamba matibabu haya yanapunguza kwa nusu au zaidi hatari ya kupoteza sehemu kubwa ya uoni. Kwa hiyo watu walijua kwamba inafanya kazi muda mrefu kabla ya mtoto kusaidia kuonyesha kwa nini. Mimi, kwa hulka yangu, nilihitaji hiyo "kwa nini".

Nilirudi kwa daktari na daftari. Nilimwuliza, "Daktari, nitapoteza nini?" Hakunificha: huenda uoni wa pembeni na wa gizani ukapungua. Nikakubali.

Walinitia matone ya kupanua mboni na ya ganzi, nikaegemeza kidevu kwenye mashine. Mimweko ya kijani, mmoja baada ya mwingine, mamia. Mingine sikuisikia, mingine ilichoma ndani kabisa nyuma ya jicho, na nikajifunza kumwambia apumzike kidogo. Baada ya hapo kila kitu kilionekana chekundu kwa muda.

Miezi michache baadaye picha mpya ilionyesha vishipa vimesinyaa. Usiku naona kwa shida kuliko zamani, kwa hiyo siendeshi gari giza likiingia. Nyuzi mbili tatu bado zinaelea. Jicho la kulia linapigwa picha kila baada ya miezi minne, na safari hii tarehe nimeiandika kwenye daftari lilelile.