Mzee amekabidhi funguo

Jumamosi iliyopita, baada ya sala ya alasiri, mwenyekiti wetu alisimama chini ya mwembe ulio uani mwa kituo chetu cha sanaa hapa Ujiji, akatoa funguo tatu mfukoni mwa koti lake na kuziweka mkononi mwa Mama mfinyanzi, ambaye wanachama walikuwa wamemchagua wiki moja kabla kushika nafasi hiyo. Ufunguo wa kwanza ni wa mlango wa mbele, wa pili ni wa chumba cha rangi, na wa tatu, mdogo kuliko wenzake, ni wa kasha la bati ambamo daftari la mauzo hutunzwa. Mzee hakutoa hotuba. Alisema tu, "Mama, mlango ufunguliwe saa mbili, awepo mteja au asiwepo," kisha akaketi mkekani pamoja na wanachama wengine. Mimi ni katibu, na nimeandika mihtasari ya vikao vingi vya kituo hiki, lakini sikumbuki kikao kilichonigusa kama hicho.

Sisi ni watu wa sanaa za ufundi: wachora mabango kutoka Mwanga ya hapa Kigoma, vijana wanaopaka rangi mitumbwi kule Kibirizi, akina mama wanaosuka mikeka ya ukindu, wafinyanzi waliotoka upande wa Kasulu, na mchongaji mmoja anayetumia mabaki ya mbao anayopewa na mafundi seremala. Nyumba tunayoitumia ni ya zamani, ina baraza pana linalotazama barabara, na kodi yake tunailipa kwa fungu tunalokata katika kila kazi inayouzwa, yaani moja ya kumi ya bei. Hatuna mfadhili.

Mzee ameishi kwa kuandika majina ya mitumbwi. Sijamwona akitumia rula hata siku moja. Huchukua uzi, akaupaka unga wa mkaa, kijana mmoja akashika ncha moja na yeye nyingine, wakaukaza juu ya ubao wa omoni, yaani mbele ya mtumbwi, na kuuvuta kidogo kwa vidole. Ukiachiwa, huacha mstari mweusi ulionyooka kabisa. Baada ya mstari wa pili huanza kuandika herufi ya katikati ya jina, kisha huenda kushoto na kulia, kwa sababu ubao wa omoni umepinda, na anayeanzia herufi ya kwanza hujikuta amebanwa mwishoni. Nimewaona vijana wenye vipaji vikubwa wakilipuuza jambo hilo dogo na kulazimika kufuta jina zima kwa tina.

Lakini ninachotaka kukieleza hasa ni uongozi wake. Mwaka 2024, uvuvi ulipofungwa katika Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana, mji ulipata dhiki, kwa kuwa fedha ya dagaa na migebuka ndiyo inayozunguka hata kwa muuza nyuzi na muuza vitumbua. Sisi tuliona kwamba biashara imesimama. Mzee aliona kwamba mitumbwi imevutwa ufukweni, mbao zake zinakauka, na wenyewe watalazimika kuikalafati, yaani kuziba nyufa zake, na kuipaka rangi kabla ya kurudi majini. Aliwaendea mmoja mmoja, akakubaliana nao walipe nusu wakati ule na nusu baada ya ziwa kufunguliwa, na kila makubaliano aliyaleta kwangu yaandikwe siku hiyo hiyo. Vijana wetu sita walifanya kazi miezi yote mitatu. Kazi ya namna hiyo haitundikwi ukutani, wala hakuna mgeni anayeipiga picha, lakini bila hiyo tusingekuwa na nyumba ya kutundikia chochote.

Tangu Jumamosi nimekuwa nikiifikiria habari ya Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, aliyeanza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi ya mafuta ya aina inayopakwa baiskeli. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu, kwa hiyo hakuchora zaidi ya miaka minne. Sanaa yake haikuzikwa pamoja naye kwa sababu alikuwa amekwisha kuwafundisha ndugu na jamaa zake, nao wakaendelea kukaa pamoja, kufundishana na kuuza pamoja, hata mwaka 1990 wakawa na ushirika wao. Mwaka huo huo wa 1972 ilianzishwa Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam pia, na huko ndiko George Lilanga alikoajiriwa kwanza kuwa mlinzi wa usiku kabla ya kazi zake kutambuliwa na yeye kupewa nafasi ya kuchora na kuchonga. Humwaza sana yule aliyemtazama mlinzi akamwona msanii, maana hilo nalo ni kazi ya kiongozi. Kwa jirani zetu wa Kongo, mjini Lubumbashi, Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji mwaka 1946, ambamo alitoka Pilipili Mulongoy, fundi wa kuchora ndege, samaki na majani. Lakini karakana ile ilimtegemea mno mtu mmoja, na alipofariki mwaka 1954 haikuendelea kusimama peke yake, wachoraji wakaingia katika chuo cha sanaa cha mji huo. Nilimsimulia Mzee habari hiyo miaka miwili iliyopita. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza mkutano wa uchaguzi unaweza kuitishwa lini.

Wapo wasanii wanaoamini kwamba daftari ni la wafanyabiashara, na kwamba msanii wa kweli huaminiana na watu kwa maneno. Nami niliamini hivyo, hadi taasisi moja ya hapa mkoani ilipotuomba tuchore ukuta wake wote wa mbele, kwa ahadi ya mdomo. Tulichora siku kumi na moja, kwa rangi tuliyoinunua kwa fedha yetu. Aliyetuagiza akahamishwa, aliyekuja baada yake akasema haoni karatasi yoyote, na mwaka uliofuata ukuta ukapakwa chokaa. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mchoraji kama inavyomlinda mwandishi, lakini mtu asiye na makubaliano ya maandishi, wala picha ya kazi yake yenye tarehe, ana shida kubwa ya kuthibitisha hata kwamba aliyechora ni yeye. Tangu hapo, kazi yoyote isiyoandikwa haianzi, na kila kazi hupigwa picha kabla ya kutoka mlangoni.

Wakati wa uchaguzi walikuwapo walionung'unika kwamba mfinyanzi hawezi kuwaongoza wachoraji. Ningependa waliosema hivyo wangemtazama Mama akiandaa udongo. Vyungu vilivyovunjika havitupi. Huvitwanga vigae vyake kwenye kinu, akachekecha chenga zake, akazichanganya na udongo mbichi na kuukanda kwa kisigino mpaka ushikane, kwa sababu udongo mtupu husinyaa upesi unapokauka na hupasuka motoni, ilhali chenga zilizokwisha kupita motoni huufanya ustahimili. Hupima mchanganyiko huo kwa kuviringisha kipande kama kamba na kukipinda kwenye kidole. Kikipasuka, hurudi kukanda upya, hata kama giza limeingia. Mtu mwenye subira ya aina hiyo ndiye ninayetaka aketi kati ya vijana wawili wanaogombea kopo la rangi.

Kazi inayomngoja ni nzito. Tunataka kukamilisha usajili wetu BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, na tunataka kuomba mkopo wa halmashauri, ule unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mpango huo naupenda, lakini umetuweka mahali pagumu. Kituo chetu kina bibi anayesuka mikeka, mjukuu wake anayepaka mitumbwi, na Mzee ambaye si kijana wala si mwanamke. Kukaa kwao pamoja ndiko kunakowafanya wafundishane, ilhali fomu inatutaka tujigawe. Mama amependekeza akina mama wasajili kikundi chao na vijana chao, kila kimoja kiwe na akaunti yake, na vyote viendelee kulipa fungu katika kasha lile lile la bati. Sina hakika kwamba itakuwa rahisi, na nimemwambia hivyo. Amenijibu kwamba tutaandika kanuni kwanza, mkopo baadaye.

Jumatatu nilifika mapema. Mzee alikuwa ameketi barazani na brashi zake ndani ya mkebe, akingoja kama mwanachama yeyote. Mama alikuja saa mbili kasorobo, akatuamkia, "Mwakeye," akajaribu ufunguo usio wa mlango huo, kisha wa pili, mlango ukafunguka. Mzee, ambaye kwa miaka yote alijichukulia rangi mwenyewe, alikwenda hadi kwenye kizingiti cha chumba cha rangi akasimama hapo, bila kuingia.

"Mwenyekiti," akasema, "naomba kopo moja la bluu. Uniandikie."

Mama akafungua kasha, akatoa daftari, akaandika tarehe, jina la Mzee na kopo moja la bluu, kisha akamgeuzia ukurasa atie sahihi.