Matone Kumi na Matatu

Mwishoni mwa mwaka 2016 mvua ilitugomea. Bwawa la Ndakaini kule Murang'a, linalotoa sehemu kubwa ya maji ya Nairobi, lilikauka kingo, mgao ukaanza mwezi wa Januari 2017, na pale kwetu South C mfereji ukawa unakoroma tu. Mwenye nyumba akaanza kuleta lori la maji ya kisima kujaza tangi la juu ya paa. Jengo zima tulimshukuru.

Sebuleni nilikuwa na tangi la kioo la lita 120, lenye maji ya chumvi, mawe, samaki wawili wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe, na vipande vitano vya matumbawe. Vipande hivyo nilivipata kwa mfugaji aliyekuwa akihama, vilikuzwa tangini. Mimi ni mtoto wa Mombasa, na tumbawe lililo hai baharini siwezi kuling'oa hata kwa dawa. Nililolipenda kupita yote ni lile la nyundo, lenye minyiri minene ya kijani iliyopanuka nchani kama vichwa vya nyundo, ikiyumba mchana kutwa na mkondo wa pampu.

Nilikuwa na miezi mitano tu katika ufugaji huu, na daftari nililijaza kwa bidii. Chumvi, gramu 35 kwa kila kilo ya maji. Joto, digrii 26. Amonia, sufuri. Naitreti, kidogo. Alkali, yaani ile akiba ya bikaboneti ambayo tumbawe huichanganya na kalsiamu kujengea mifupa yake, nilikuwa nimeipima mara ya mwisho kabla ya mgao: digrii 8, za alkali, si za joto. Maji ya bahari yenyewe huwa na digrii 7 hivi. Niliona sina haja ya kuipima tena upesi. Matumbawe huila alkali, nikajiambia, basi itashuka pole pole. Matumbawe matano madogo yatakula kiasi gani?

Kupanda sikukufikiria kabisa.

Ikafika siku nikakuta nyundo limejikunyata. Minyiri imerudi ndani, ncha zimekuwa na rangi ya kahawia kama zimeunguzwa, na kwenye ukingo wa kichwa kimoja mfupa mweupe umeanza kuonekana. Nikapima chumvi: sawa. Amonia: sufuri. Nikapunguza taa. Nikageuza pampu. Usiku niliamka mara mbili kulimulika kwa tochi ya simu. Asubuhi nilipoitoa hita nije kuisafisha, nikaikuta imevaa ganda jeupe, gumu, ambalo ukucha haukulitoa.

Mama alikuwa amekuja kutoka Mombasa kunitembelea. Asubuhi hiyo yuko jikoni, anapika maharagwe ya nazi, na mimi nimesimama mlangoni na hita yangu mkononi. Akanitazama, akarudi kwenye sufuria yake.

"Maji yenu haya yana magadi, mwanangu."

"Umejuaje, mama?"

"Maharagwe hayajamaliza saa yamekwisha pondeka. Na jana wali uliuona? Nazi yangu nyeupe, mchele mweupe, wali umetoka manjano. Tena ukioga sabuni haitoki mwilini, utelezi mtupu."

Nikabaki nimeduwaa. Magadi! Magadi ni kabonati na bikaboneti ya sodiamu. Ndiyo alkali yenyewe.

Nikachota maji ya mfereji, mililita 5 kwenye kichupa cha kupimia, nikaanza kudondosha dawa. Kipimo hiki ni chepesi: tone la kwanza linayafanya maji kuwa ya buluu, nawe unahesabu hadi yageuke manjano, na kila tone ni digrii moja. Nane, buluu. Kumi na mbili, buluu. Yaligeuka tone la kumi na sita. Nikaenda sebuleni nikayapima ya tangini. Kumi na tatu.

Nikaketi sakafuni na daftari. Januari na Februari Nairobi huwa kavu na jua kali, na mimi nilikuwa nimeweka feni juu ya tangi kulipoza. Maji yaliyopaa kila siku yalikuwa lita 2. Chumvi haipai, hubaki, kwa hiyo pengo hujazwa kwa maji yasiyo na chumvi, nami nilijazia ya mfereji. Lita 2 kwa siku 21 za maji ya lori ni lita 42. Lita 42 zenye digrii 16, ukizigawa katika tangi la lita 120, zinapandisha digrii tano na nusu. Nane na tano na nusu, toa kidogo kilicholiwa na kilichoganda kwenye hita: kumi na tatu. Hesabu ilikaa sawasawa, na moyo uliniuma, maana kila jioni nilikuwa nikizimimina lita hizo mbili kwa upendo.

Maji ya Ndakaini hushuka kutoka milima ya Nyandarua, mepesi, hayana madini mengi, ndiyo maana miezi ya mwanzo sikupata shida. Ya kisima yamekaa miaka ndani ya miamba ya volkeno. Bikaboneti imejaa humo, na floridi pia, ile inayotia watu madoa ya kahawia menoni.

Kishawishi cha kuishusha alkali siku hiyo hiyo kilikuwa kikubwa. Nilijizuia. Tumbawe lililochoka na kupanda kwa alkali haliwezi kuvumilia iporomoke ghafla. Nikabeba mitungi miwili hadi duka la kujaza maji yaliyochujwa, nikapima alkali ya maji yao mlangoni pale pale, na muuzaji akaniacha nifanye: tone la kwanza tu, manjano. Nikayatia chumvi, nikawa nabadilisha lita 15 kila baada ya siku moja, na kujazia kwa maji hayo hayo.

Kile kichwa kilichoanza kuonyesha mfupa kilikufa. Nilikikata kwa koleo kisiambukize kingine.

Siku ya kumi na sita mama akavuta kiti karibu na tangi, kichupa akakishika yeye, akakiinua dirishani penye mwanga. Mimi nikadondosha, yeye akahesabu.

"Saba. Nane. Ngoja, kwanza tikisa." Nikatikisa. "Haya. Tisa."

Buluu ikatetemeka, ikapita kijani, ikatulia.

"Imegeuka," akasema.