Jangwani, mikoko na nauli ya Kariakoo

Jana maji yalikuwa yamekupwa, nikashuka pembeni mwa Daraja la Salander, hapa Dar es Salaam, kutazama mikoko ya mdomo wa Mto Msimbazi. Mingi ni michu, aina mojawapo ya mikoko. Vipumulio vyake, yaani mizizi ya kupumulia, vimechomoza kwenye tope na vimenasa kila kitu: mifuko ya rambo, kipande cha kanga, kandambili ya mguu mmoja. Mto huu unaanzia vilima vya Pugu, na mvua ikinyesha unateremka na mchanga na taka zetu zote.

Mvua kubwa ikikutana na bamvua, yaani bahari inapojaa kupita kawaida, maji ya mto hayapati pa kutokea. Yanarudi nyuma, bonde la Jangwani linajaa, Barabara ya Morogoro inafungwa. Na sisi, kwa akili zetu, karakana ya mabasi ya mwendokasi tukaijenga humo humo bondeni!

Mpango wa sasa, ambao Benki ya Dunia iliupitishia fedha mwaka 2022, ni kuupanua mto, kuinua daraja la Jangwani, kuiondoa karakana na kufanya sehemu ya bonde kuwa bustani ya jiji. Naafiki. Ukuta uliojengwa ufukweni, kando ya Barabara ya Barack Obama, unazuia mawimbi, lakini mafuriko ya Jangwani yanatoka bara. Mto ukiubana kwa kingo za zege, unamsukumia maji jirani wa chini.

Kinachonikera ni hesabu ya watu. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, waathirika walipewa viwanja Mabwepande, mbali kabisa na mjini, na wapo waliorudi bondeni. Shangazi yangu, mama ntilie wa Kariakoo, hakutaka hata kwenda kukiona kiwanja. Aliniambia, "Mwanangu, maji yanakuja masika na vuli. Nauli inakuja kila siku."

Safari hii, kwa mpango huu mpya, amechukua fidia, nyumba ya Magomeni Suna imebomolewa, naye amepanga chumba Mbagala. Anaamka saa tisa usiku ili supu iwahi wapagazi. Fidia ilihesabu matofali na mabati. Wateja wake hawakumo.

Mikoko nayo inahitaji bonde lipumue, hilo silibishi. Ila pembeni mwa bonde kuna ardhi itakayoinuliwa kwa ajili ya majengo mapya. Ningekuwa na sauti, ningedai nyumba za kupanga za bei ya chini zitangulie hapo, waliohamishwa wapewe nafasi ya kwanza, ndipo yafuate maduka na maghorofa.