Filamu zetu kutoka kompyuta hadi runinga

Hapa Shangani, Mtwara, tumeacha kuhamisha filamu kwa flashi kila jioni, kwa sababu kompyuta ya mezani iliyoko chumbani sasa inazihifadhi zote na kuzirusha hadi runinga janja ya sebuleni kupitia Jellyfin, programu ya bure. Majirani hudhani tunamaliza bando, ilhali ruta inaunganisha tu vifaa viwili vya nyumba moja, na hata intaneti ikikatika filamu inaendelea. Kilichohitaji subira ni aina ya video, yaani namna ilivyobanwa: faili la H.264 huchezwa na karibu kila runinga, lakini la H.265, ingawa huchukua nafasi ndogo kwa ubora uleule, runinga yetu hailiwezi, hivyo kompyuta hulazimika kulibadilisha papo hapo huku feni ikinguruma kama mashine ya kukoboa. Diski nimeiandaa kwa exFAT, mfumo wa kupanga faili kwenye diski, kwani mfumo mwingine, FAT32, haupokei faili linalofikia GB 4. Waya wa mtandao, kwa maoni yangu, ni bora kuliko Wi-Fi. Kilichobaki ni kununua UPS, kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme kwa muda, maana umeme ukikatika ghafla wakati diski inaandika, faili huweza kuharibika.