Usiku mbili ndani ya wiki moja

Bagamoyo, Jumapili ya Pasaka, jioni

Tangu Alhamisi sijalala vizuri. Usiku wa kuamkia Ijumaa nilikuwa kwenye zikri, na jana nimemsindikiza mama mdogo kanisani, Mkesha wa Pasaka. Mimi Mwislamu, yeye Mkatoliki na mwanakwaya wa miaka mingi. Kwetu dini zote mbili zimekula sinia moja tangu zamani, hakuna aliyeshangaa.

Kabla ya zikri vijana waliyasogeza madufu karibu na makaa ili ngozi zikaze. Mzee mmoja analigonga moja kwa kidole, anatega sikio, analirudisha motoni. Baadaye kasida ilipokolea, safu zikainama na kuinuka pamoja, na lile "Hai", jina la Mungu, likaacha kuwa neno, likawa pumzi tupu inayotoka vifuani. Jirani yangu akapata hali, akazama hata akajisahau. Walimshika mabega taratibu tu, wakaendelea. Mimi machozi yalinitoka, wala sijui nililia nini.

Jana kanisa lilikuwa giza. Mshumaa wa Pasaka ukaingia, moto ukapokezanwa mkono kwa mkono, nta ikinidondokea kidoleni. Kisha ikaimbwa Mbiu ya Pasaka, sauti moja, bila kinanda. Nikalia tena, kilio kile kile.

Njiani nikamwambia mama mdogo. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Mwanangu, mimi huiogopa siku ninayoimba vizuri sana. Natoka pale nimejisikia mimi, Mungu sikumsikia."

Hofu hiyo hiyo aliiandika Mtakatifu Augustino, Mwafrika wa nchi inayoitwa leo Algeria, katika Maungamo yake: kwamba sauti ikimgusa kuliko kinachoimbwa, ametenda dhambi. Lakini hapo hapo anayakumbuka machozi aliyomwaga kwa nyimbo za kanisa alipokuwa anarudi kwenye imani, na hathubutu kuzikataa. Imamu Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, yeye anasema muziki hautii moyoni kitu kisichokuwamo. Huamsha kilichomo, kama chuma kinavyoutoa moto uliojificha ndani ya jiwe. Ndiyo maana kwake usikilizaji ule ule humfaa mmoja na kumdhuru mwingine. Moyo wangu uko kwa Ghazali. Lakini maneno ya mama mdogo hayajaniachia.

Nawaza pia ni nani waliozipokea sauti hizi hapa kwetu. Sheikh Ramiya, khalifa (kiongozi) wa tarika ya Kisufi ya Kadiria aliyefariki mwaka 1931, aliletwa Bagamoyo utotoni akiwa mtumwa kutoka upande wa Kongo. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868, na Wakristo wao wa mwanzo wengi walikuwa watoto waliokombolewa utumwani. Watu walionyang'anywa kwao, jina na ndugu, huku wakashika "Hai", kule wakashika "Aleluya". Kama Ghazali amesema kweli, kilichoamshwa vifuani mwao kilikuwa kizito kuliko changu, na mimi ninalia juu ya walichokiacha.

Asubuhi hii mama mdogo kaniuliza kama wanawake huruhusiwa kukaa barazani kwenye zikri ya Alhamisi. Nimemwambia achukue mtandio, nitampitia saa mbili usiku. Anataka tuwahi madufu yakiwa bado kwenye makaa.