Shavu linalonyauka upande mmoja

Jumanne, usiku.

Ugonjwa wa Parry-Romberg hauna haraka, na hapo ndipo unapowaponyoka watu. Huanza na doa shavuni au kwenye paji la uso, jeusi kidogo au lililopauka, mara nyingi utotoni, na wasichana huupata zaidi. Baadaye mafuta ya chini ya ngozi huyeyuka, misuli husinyaa, na kwa mtoto anayekua hata mfupa wa taya hubaki nyuma. Daktari Parry aliueleza katika maandishi yaliyochapishwa 1825, daktari Romberg akafuata 1846.

Mtaani watasema kapooza uso. Basi mwambie mtoto afumbe macho kwa nguvu, ajaze hewa mashavuni, kisha acheke. Aliyepooza, jicho halifumbi vizuri na hewa humtoka pembeni mwa mdomo. Mwenye Parry-Romberg kwa kawaida huyaweza yote matatu, ila shavu moja limebonyea. Atoe na ulimi pia: wakati mwingine nusu yake imekonda.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni picha za simu, zikipigwa kwa adabu. Dirisha lilelile, umbali uleule, nywele zimefungwa nyuma, mdomo umefumbwa. Piga mbele, kulia, kushoto, halafu ainue kidevu upige kutoka chini. Hiyo ya nne ndiyo huumbua bonde la shavu. Rudia kila baada ya miezi 3. Kioo cha kila asubuhi hakikuonyeshi kitu, jicho limeshazoea.

Ugonjwa ukiwa bado unatembea, madaktari wengi hutoa methotreksati, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, mara nyingi pamoja na steroidi mwanzoni. Methotreksati ni mara moja kwa WIKI. Andika jina la siku kwenye pakiti kwa kalamu nzito, maana kuimeza kila siku huua uboho, na mtu anaweza kufa. Damu na ini vipimwe mara kwa mara. Dawa huzuia tu. Nyama iliyokwisha kwenda hairudi. Degedege, kipandauso kikali au jicho kuzama, hayo hayangoji kliniki ijayo.

Kujaza shavu kwa mafuta ya tumboni au mapajani kunawezekana, lakini sehemu yake hunyonywa na mwili, hivyo hurudiwa. Ukijaza mapema, uso huendelea kubonyea kandokando ya kiraka. Wapasuaji wengi hutaka kwanza mwaka mmoja au miwili ya utulivu, na ushahidi wa utulivu huo ni zile picha za dirishani.