Kupanda Lushoto kwa friwili ya meno 28

Hapa Korogwe nimeshazoea kuambiwa kwamba baiskeli ni chombo cha tambarare, na kwamba mwenye akili timamu akitaka Lushoto, mji ulio juu kwenye milima ya Usambara, apande Coaster. Wengi wanaosema hivyo hiyo Coaster yenyewe huipanda wamefumba macho, maana ukikaa dirishani upande wa bonde unaweza kusahau hata jina lako. Basi tufanye hesabu. Mombo iko kama mita 400 juu ya usawa wa bahari. Lushoto iko karibu mita 1,400. Kati yake kuna lami ya kilomita 33 hivi. Gawanya mwenyewe: kila ukienda mita mia unapanda mita tatu. Huo ni wastani, na wastani huficha mengi, lakini si mlima wa kumshusha mtu kwenye baiskeli. Kinachowashusha watu ni papara ya kilomita tano za mwanzo.

Baiskeli yangu ni Peugeot ya mtumba, fremu ya chuma, usukani uliopinda kama pembe za kondoo, matairi membamba. Ilikuja na friwili ya mbio, yaani lile rundo la gia za gurudumu la nyuma, ambayo gia yake nyepesi kabisa ilikuwa meno 21; meno yakizidi, gia inakuwa nyepesi. Labda huko ilikotoka ilikuwa ya kijana wa miaka ishirini. Mimi nina arobaini na mbili, kazi yangu ni ya kukaa kwenye kiti nikijumlisha hesabu za watu. Fundi wangu, ambaye siku zote hushughulika na baiskeli za Phoenix za wauza mkaa na maziwa, aliigeuzageuza akacheka. "Dada, haya ni matairi au mpira wa kubania nywele?" Lakini ndiye aliyenitafutia friwili ya meno 28, na mbele, kwenye pedali, tukaacha gia ya meno 42. Kwa gia hiyo ukizungusha pedali mara moja unasogea mita tatu na kitu. Zungusha mara sitini kwa dakika, unakwenda kilomita 11 kwa saa. Bodaboda watakupita, watoto watakukimbilia ubavuni, lakini utafika.

Barabara kuu kutoka Korogwe hadi Mombo siendeshi. Nasema wazi ili msiniandikie kunibembeleza. Malori ya Arusha na mabasi yanayoshindana hayana habari na mwenye baiskeli, na pembeni hakuna nafasi ya kukimbilia. Naipakia kwenye buti la basi, nabishana kidogo na konda kuhusu bei ya mzigo, nashuka Mombo kabla jua halijapata makali. Chai, chapati mbili, maji chupa mbili, kisha kulia.

Mwanzoni unapita nyumba na maduka, na nyuma yako tambarare la mkonge. Halafu mlima unakuja wote kwa pamoja. Barabara imechongwa ubavuni mwa korongo, mwamba mkono mmoja na shimo mkono wa pili, na maji unayasikia chini kabla hujayaona. Sehemu hii hadi Soni ndiyo kali zaidi, kule juu baadaye njia inalegea. Kinachonifurahisha ni kwamba aliyeipima hii njia enzi za Mjerumani hakuwa na haraka. Haikurupuki kwenda juu. Inazunguka, inafuata mkunjo wa mlima, inaingia ndani ya kila kijibonde na kutoka tena, na mwinuko unabaki uleule. Ukishapata mwendo wako huna haja ya kuubadilisha. Napumua, nahesabu mizunguko, nasikiliza cheni.

Joto la Mombo linakuacha taratibu. Kuna mahali, sijui ni kona ya ngapi, shingo inahisi ubaridi wa kwanza na migomba inaanza kusimama ya kijani kweli. Akina mama wanaoshuka na mizigo ya kuni kichwani husema "pole na kazi", na hilo neno kazi nalipenda. Hawasemi mazoezi. Mmoja aliniuliza nimetumwa na nani.

Tahadhari moja ya kweli: Fuso za kabichi. Zinashuka zimejaa mpaka juu ya bodi, karoti, kabichi, hoho, nyanya, vyote vya kwenda Dar, na kwenye kona kali dereva anahitaji barabara yote. Ukinusa breki zilizoungua kabla hujasikia honi, shuka kando usimame. Usijadiliane.

Kabla ya kuingia Soni mto unaanguka kando ya barabara, na hapo kila mtu husimama kupiga picha, nami pia. Ilikuwa Januari, plamu zimeiva, na wauzaji walikuwa na vindoo vyao vya plastiki vimepangwa barabarani. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, mbona umelowa hivyo, kwenu hakuna gari?" Nikanunua kindoo kizima, nikala nusu papo hapo nimechuchumaa, nyingine nikamrudishia awape wajukuu. Kwenye mifuko ya jezi plamu hazikai, zinakuwa jamu.

Soni ndipo wenye haraka wanapoendelea moja kwa moja Lushoto. Mimi nikakunja kwenda Vuga, kwenye vumbi jekundu, sehemu nyingine naendesha, sehemu nyingine nasukuma. Leo Vuga ni kijiji cha mlimani: mashamba, shule, watu wanaokusalimia wakiwa mbali. Lakini hapa ndipo palipokuwa makao makuu ya ufalme wa Washambaa, chini ya ukoo wa Wakilindi, ambao asili yao inasimuliwa kuwa ni Mbegha, mwindaji aliyekuja kutoka milima ya Nguu, akawagawia watu nyama na kuua simba. Mfalme aliitwa Simba Mwene. Maarufu kuliko wote, Kimweri ye Nyumbai, alitawala karibu nusu karne mpaka alipofariki mwaka 1862, na amri yake ilishuka mpaka karibu na pwani. Mmisionari Krapf alimfuata hapa mwaka 1848, akarudi tena 1852. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walikuja 1857. Wote walipanda kwa miguu. Nimeshasoma habari zao mara nyingi, lakini sikuzielewa mpaka nilipofika nikiwa na mapaja yanayotetemeka. Mgeni yeyote aliyemfikia Kimweri alifika amechoka, ana kiu, hana pumzi ya kutoa masharti. Kama ningekuwa mfalme nami ningejenga hapohapo.

Mzee mmoja aliyekuwa amekaa kwenye benchi nje ya duka aliniuliza nimetokea wapi. Nikamwambia Mombo. Akaitazama baiskeli, akanitazama mimi. "Hata mbuzi angepanda gari," akasema, kisha akamtuma kijana aniletee maji. Tukazungumza hapo mpaka jua likasogea. Wazee wa huku wakianza habari za Wakilindi hawamalizi kwa ufupi, na sikutaka amalize.

Lushoto niliingia alasiri. Wajerumani waliuita Wilhelmsthal, kwa heshima ya mfalme wao, na wakaufanya mji wa kukimbilia joto. Bado kuna majengo yao ya paa kali, makanisa, miti ya ugenini iliyozeeka. Watalii huja kwa ajili ya hayo. Mimi nilikwenda moja kwa moja sokoni kutafuta ndizi, halafu nikalala kwenye nyumba ya wageni ambayo mhudumu wake alikataa katakata baiskeli ilale nje. "Dada hiyo itaibwa," akaileta mwenyewe chumbani na kuiegemeza kwenye kabati, na usiku nilipoamka kutafuta mlango wa choo nilijigonga pedali kwenye ugoko. Usiku wa Lushoto hata Januari unataka blanketi.

Asubuhi ndiyo sehemu niliyotaka kuiandika tangu mwanzo. Kutoka mjini hadi Irente si mbali, unaweza kwenda na kurudi kabla ya chai ya saa nne. Njia inapita mashamba na mikaratusi, kisha mlima unakatika. Unasimama kwenye mwamba, na chini yako, kama mita elfu moja, tambarare limetandazwa lote: mistari ya mkonge, barabara kuu, reli, na nyika ya Wamasai inayopotelea kwenye ukungu. Na hapo chini karibu na miguu ya mlima kuna Mazinde.

Mazinde ndiko alikokaa Semboja, mtoto wa Kimweri. Baba yake alipokufa kiti cha Vuga kilikwenda kwa mjukuu, Shekulwavu. Semboja hakukubali. Lakini nguvu zake hazikutoka mlimani. Misafara ya pembe na watumwa ilipita bondeni, na bunduki zilipita huko pia. Aliyekaa kando ya njia ndiye aliyezipata. Semboja akaja na bunduki zake, akamfukuza huyo mtoto wa ndugu yake, Vuga ikachomwa moto, na kilichonishangaza nilipokisoma mara ya kwanza ni kwamba baada ya kushinda hakuhamia juu. Alimweka mwanawe Kimweri Maguvu kwenye kiti cha Vuga, mwenyewe akabaki Mazinde, kwenye joto na mbu. Utawala ulikuwa umeshuka mlima. Ukisimama Irente, na umepanda kwa miguu yako mwenyewe siku iliyotangulia, unaona sababu bila kuambiwa: huku juu ni pazuri, ni salama, lakini hakuna anayepita.

Wajerumani nao walifanya hesabu hiyohiyo. Reli yao iliyoanzia Tanga ilifika Mombo mwaka 1905 ikapita zake bondeni kwenda Moshi. Mlima waliuchukua kwa ajili ya hewa na mbao. Kule Mkumbara walifunga waya wa chuma wa kuteremshia magogo ya mwangati kutoka Shume. Na mwaka 1895, kabla reli haijafika hata Korogwe, walimnyonga Mputa, mtoto mwingine wa Semboja. Kila kitu cha thamani kwenye mlima huu naona kinashuka: magogo, kabichi, vijana wanaokwenda Dar.

Mimi pia nilishuka. Watu hudhani kuteremka ni mapumziko. Si kweli. Breki za rimu hupata moto, na ukizishikilia mfululizo unaweza kupasua tyubu. Nabana ya mbele, naachia, nabana ya nyuma, naachia, na kila kilomita kadhaa nasimama nigusishe kidole kwenye rimu. Kikiungua, nakaa kwenye jiwe. Mikono huchoka kuliko miguu. Kuanzia Soni kwenda chini nilikuwa mbele ya Fuso moja muda mrefu. Yeye hakuweza kunipita kwa uzito wake, nami sikutaka kumwacha aniguse mgongo, kwa hiyo tulishuka kama tumepangana mpaka nilipopata mahali pa kumpisha.

Dereva wa Fuso ile nikamkuta Mombo anakunywa chai. "Ni wewe?" akauliza. Akainama kuangalia breki zangu, vipande viwili vya mpira mbele na viwili nyuma, akatikisa kichwa na kuniagizia chai bila kuniuliza.

Masika yakipita na udongo ukikauka nataka kutoka Soni niende mpaka Bumbuli. Nimeambiwa huko wastani wa asilimia tatu nisahau. Kama kuna mtu Tanga au Moshi ana friwili ya meno 32 inayoingia kwenye gurudumu la Peugeot ya zamani, aniandikie, na aseme bei ya kweli.